Kamba Aliyoshika Baba

Jumanne, tarehe tisa Julai. Manyunyu tangu asubuhi, ukungu umelala juu ya mahindi mpaka saa nne, na baridi ile ya mwezi wa saba inayoingia mpaka ndani ya viatu. Nguo nilizoanika jana bado zinadondosha maji. Hata nzi hakuna. Hilo la nzi naomba mlikumbuke, nitalirudia.

Nyinyi vijana wa hapa Kimumu, mnaorekodi kwa simu katika kile chumba cha mabati nyuma ya kinu cha posho, mlinijia Jumapili, mimi bibi kizee, mkaniuliza, "Shosh, ni ukweli ulikuwa unaimba ragga?" Mmoja wenu akacheka kabla sijajibu. Sikukasirika. Mimi mwenyewe nikijiangalia kwa kioo na hizi soksi mbili mbili, nacheka. Basi nimefungua daftari langu la kila siku nijaribu kuwaandikia. Shule niliishia darasa la saba, kwa hivyo mkikuta sentensi imepotea njia, irudisheni nyumbani. Na mkiona mahali nimejisifu, mjue limenitoroka.

Kwanza kazi yenyewe ilivyokuwa. Hatukuwa na bendi. Tulikuwa watu wawili: mimi Wambui, binti wa mwenye duka, na Oduor, kijana aliyetoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kwa kiwanda cha nguo mjini. Jioni alikuwa anatengeneza redio za watu. Spika zetu alizijenga mwenyewe kwa mbao za masanduku ya chai, na mpaka zinakufa zilikuwa zinanuka majani. Ni huyu huyu Oduor mnayemwona hapa kwangu akiuliza "Eh?" kila mara. Masikio yake yalibaki ndani ya zile spika.

Santuri alizipata kwa madereva wa malori ya kwenda Uganda. Upande mmoja mwimbaji anaimba. Upande wa pili mwimbaji ametolewa, imebaki ngoma na besi peke yake. Huo upande wa pili ndio ulikuwa shamba letu. Oduor anashusha sindano, mimi napanda maneno yangu ya Kiswahili juu yake. Neno ragga lenyewe lilikuwa halijafika hapa vizuri. Watu walisema "rege ya mbio". Kwa matangazo ya ukutani niliandikwa Dada Ngano, kwa sababu yule mchoraji alikuwa amebakiwa na rangi ya manjano tu, akasema rangi hiyo inafaa ngano.

Mnauliza kwa nini kwa picha zote nimeshika maiki na kitambaa cheupe. Maiki ile ilikuwa inapiga shoti! Ukiishika na mkono mtupu inakutupa. Basi nikawa naizungushia kitambaa cha mkono. Baada ya muda nikaona wasichana wa mjini, ambao maiki zao zilikuwa nzima kabisa, nao wanashika na vitambaa vyeupe. Walidhani ni staili. Sikuwaambia kitu, na sijui kama hapo nilifanya vizuri.

Sauti nayo ichungeni. Yangu ilipotea mara moja, nikapelekwa Plateau kwa hospitali ya misheni. Daktari akamulika koo, akaniuliza, "Mama, unauza nini sokoni?" Nikamwandikia kwa karatasi kwamba mimi ni mwimbaji. Akamwita nesi. Nesi akaniangalia, akasema, "Huyu si mgonjwa. Huyu hanyamazi." Nikaamriwa ninyamaze wiki nzima. Oduor husema hiyo ndiyo wiki aliyoamua kunioa. Mimi nasema alikuwa ameamua kitambo. Tumeliacha hivyo.

Sasa nije kwa ulimi. Watu wengi walidhani ulimi wangu wa mbio niliutoa kwa kaseti za Jamaika. Kidogo, ndiyo, siwezi kukataa. Lakini sehemu kubwa niliitoa kwa mnada wa ng'ombe.

Mnada ulikuwa chini ya duka la Baba, umbali wa kutembea tu, na mnadi wake alikuwa Mzee Kiptoo. Koti refu la mvua hakulivua hata jua la Januari likiwaka, mfukoni peremende, mkononi fimbo. Huyo mtu alikuwa anasema maneno mengi kwa pumzi moja kuliko mtu yeyote niliyesikia maishani, wa kanisa na wa siasa pamoja. Siku ya kwanza aliniona nimesimama kwa uzio.

"Msichana, unanunua ama unauza?"

"Nasikiliza tu, Mzee."

"Kusikiliza hakukamuliwi. Ondoka hapo, unanizuilia ndama."

Alinifukuza, na kwa haki, kweli nilikuwa nimemzuilia ndama. Siku nyingine nikarudi na birika la chai kutoka dukani, na mtu aliyekuja na chai hafukuzwi. Akinywa, namuuliza. Nikiuliza vibaya, ananicheka mpaka koti linatikisika. Lakini alinifundisha pumzi, na hili nawapa bure.

"Ukivuta hewa mwisho wa maneno," alisema, "watu wanaona umechoka. Mnunuzi akiona umechoka, amekuweza. Vuta katikati. Ngoja mtu ainue mkono. Akiinua, wote wanageuka kumwangalia nani huyo. Hapo hakuna anayekuangalia wewe. Iba hewa hapo."

Kwa hivyo, wale mliosikia kaseti zangu, mnanisikia kila baada ya mistari kidogo nikiita, "Mkono juu nikuone!" Mnadhani nachangamsha watu. Nilikuwa napumua.

Jambo lingine la mnada, mlishike kwa sababu bila hilo hamtaelewa yanayofuata. Pale kila mnunuzi alikuwa na ishara yake. Huyu anagusa kofia, yule anainua fimbo, mwingine anakohoa. Na sheria ilikuwa moja. Aliyeinua wa mwisho amenunua, hata akisema alikuwa anajinyoosha. Mzee Kiptoo akishapiga fimbo yake kwa chuma, mnunuzi anakuja kushika kamba hapo hapo, mbele ya watu wote. Aliyenunua anashika kamba. Nimeona mtu akipeleka nyumbani fahali kwa sababu alimsalimia shemeji yake.

Enzi hizo zilikuwa za chama kimoja, na watu hawakuwa wanakusanyika hivi hivi. Hata harusi ilitaka mtu apite kwa ofisi aseme. Mimi na Oduor tulitaka kufanya dansi ya mchana katika ukumbi wa jamii, ya kwanza ambayo ningeimba maneno yangu mwenyewe mbele ya watu. Tukaenda kwa Chifu kuomba ruhusa.

Chifu hakuwa mtu mbaya, hilo niliandike mapema. Alinisikiliza. Akaniambia, "Imba kidogo nisikie." Nikaimba kidogo, Oduor akipiga meza na vidole. Chifu akatoa kofia yake, akakuna kichwa.

"Hiyo ni lugha gani?"

"Ni Kiswahili, Chifu."

"Kiswahili mimi ninakijua. Hiyo ni mahindi yanamwagika kwa mabati."

"Ni Kiswahili cha mbio, Chifu," Oduor akasema.

"Sasa wewe fikiria. Wakubwa wangu wakiniuliza, Chifu, uliruhusu wimbo unaosema nini, nitawajibu nini? Nitawajibu mahindi?" Akavaa kofia. "Jumamosi kuna baraza. Uje utoe hayo maneno mbele ya wazee. Polepole. Na hayo masanduku yenu ya chai yabaki nyumbani. Wazee wakisema ni matusi, sitaki kusikia habari yenu tena."

Nilimwona mgumu wakati huo. Leo naona na yeye alikuwa na watu juu yake, na hao watu juu yake walikuwa na watu juu yao.

Lakini mgumu zaidi alikuwa nyumbani. Baba alikuja huku kutoka Nyeri na gunia la viatu vya mpira, akauza mpaka akajenga duka, na alikuwa mzee wa kanisa. Habari ya baraza ilimfikia kabla mimi sijafika.

"Wambui," akasema, bado anapima sukari, "mimi sikukatazi. Wazee wa baraza wakisema ni kitu kizuri, tutaona. Wakisema hapana, Jumatatu unaenda kwa shangazi yako Nyahururu ujifunze cherehani, na hiyo mambo ya maiki iishe. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Cherehani ni kazi nzuri."

Ni kazi nzuri kweli, na shangazi alikuwa mtu mzuri. Lakini nilikuwa nimeshashonwa na kitu kingine. Nilijua nikipanda gari la Nyahururu, Dada Ngano hatarudi.

Jumamosi ikafika, mwezi wa saba kama sasa, manyunyu na ukungu kama leo. Kwa ajili ya mvua baraza likaingizwa ndani ya ukumbi. Wazee wamejipanga kwa viti vya mbao na makoti yao mazito, akina mama pembeni, na mikebe ya maziwa ya watu waliokuwa wanaelekea kwa dairi imewekwa mlangoni. Likafunguliwa kama kawaida, kidole kimoja juu sisi wote, ile salamu ya chama. Tukasikia habari ya matuta shambani, tukasikia habari ya dawa ya kuogesha ng'ombe. Kisha Chifu akasema, "Sasa tumsikie msichana wa duka."

Nikasimama. Baba alikuwa safu ya mbele, anaangalia viatu vyake. Nikatoa mstari wa kwanza polepole, kama nilivyoagizwa:

"Ng'ombe wa Mama Chebet, pembe moja imepinda..."

Na hapo nikaisha. Jamani, maneno hayakuwepo! Wimbo nilioimba jikoni, dukani, nikichota maji, umetoka kichwani wote. Hili mlijue nyinyi mnaoandika kwa simu. Maneno niliyoyafunga kwa besi yalikuwa yamekaa ndani ya besi, na besi ilikuwa nyumbani kwa Oduor. Polepole na bila ngoma, nilikuwa kama mtu anayeambiwa ashuke ngazi akifikiria kila goti.

Mzee mmoja akauliza, "Ameshamaliza?"

"Mfupi lakini mzuri," mwingine akasema, na ukumbi ukacheka.

Chifu hakucheka. "Msichana, mengine yako wapi? Ama unayaficha?"

"Siyafichi, Chifu. Hayatoki."

Nikaiona Nyahururu. Naapa nilisikia hata hiyo cherehani.

Ndipo kule nyuma mtu akakohoa, na Mzee Kiptoo akainuka na koti lake. "Chifu, kwa heshima. Hapa kwetu tuna vijana wa kukimbia, sivyo?"

"Tunao."

"Umewahi kumwambia kijana akuonyeshe mbio akiwa ameketi?"

"Mzee Kiptoo, nilisema hakuna vyombo."

"Chombo gani? Huu ni mkebe wa maziwa." Na akaupiga na fimbo yake. Ko. Ko-ko. Ko. Ko-ko. Mapigo yale yale ya mnadani, na, niwaambie ukweli, yanakaribiana sana na yale ya santuri. Sijui nani alimwibia mwenzake.

Nikasikia maneno yanarudi kama kuku jioni, moja, mawili, halafu yote yanasukumana mlangoni:

"Ng'ombe wa Mama Chebet, pembe moja imepinda,
amekuja na mvua, baridi ameishinda,
hapigi teke, haruki ua, hagombani na mtoto,
mlaze penye ukungu, mwenyewe ni jiko la moto!
Nani anaongeza, nani anaongeza,
mkono juu nikuone!"

Nikaiba hewa. Na nikiwa katikati ya kuiba, nikaona mzee mmoja pale nyuma ameinua kidole.

Alikiinua kwa mazoea tu, maskini. Mwili wake ulisikia mnada. Lakini mwenzake wa kando, ambaye hakumpenda, akaona kidole, naye akainua fimbo. Ni hapo Mzee Kiptoo akashindwa kujizuia.

"Naona kidole! Fimbo imepita kidole! Endelea, msichana, usilale!"

Nikaendelea. Nikasema habari ya maziwa yake, nikasema habari ya mama yake aliyezaa mapacha, mengine nayatunga pale pale. Kofia zinaguswa, watu wanakohoa, akina mama wamesimama kuona. Mzee Kiptoo anapiga mkebe na kuita, mimi naitikia juu yake, yeye juu yangu. Nimeimba kwa majukwaa mengi baadaye, Kitale, Nakuru, kwa maonyesho ya kilimo, na sijapata mwenzangu wa kupokezana naye kama yule mzee.

Na Chifu? Chifu akagusa kofia yake. Kila mtu Kimumu alijua Chifu akigusa kofia mnadani ananunua. Ukumbi ukapasuka. Yeye mwenyewe akashtuka, akaangalia mkono wake kama ni wa mtu mwingine.

"Kofia ya serikali!" Mzee Kiptoo akalia. "Kuna mtu atapita serikali?"

Mikono yote ikashuka. Enzi hizo hilo halikuwa swali la mchezo. Mkebe unaendelea, ko, ko-ko, na mimi nimefika mwisho wa pumzi.

"Mkono juu nikuone..."

Na mkono wa Baba ukainuka.

Niliuona. Ulifika usawa wa sikio, ukakaa, ukashuka. Mzee Kiptoo akaupiga mkebe pigo moja kubwa mpaka kifuniko kikaruka.

"Amechukua mwenye duka!"

Sijui niwaelezeeje kelele zile. Wazee wenye makoti yao wanapigana mabega. Mmoja anauliza kwa uchungu wa kweli, "Sasa huyo ng'ombe yuko wapi tumwone?" Baba amesimama, anasema, "Hapana, hapana, mimi nilikuwa nafukuza nzi," na hakuna anayemsikia.

"Mwenye duka," Mzee Kiptoo akasema, "mimi nimeuza miaka yote hapa. Umewahi kuona mtu anarudisha?"

"Lakini ni ng'ombe wa wimbo!"

"Basi umenunua wimbo. Aliyenunua anashika kamba."

Kamba haikuwepo. Oduor, ambaye alikuwa amekaa kwa mlango kama mtu asiyetujua, akafungua mfuko wake akatoa waya mrefu wa maiki. Alisema aliubeba kwa bahati. Akamwekea Baba mkononi. Baba akauangalia waya, akaniangalia mimi, akamwangalia Chifu.

Chifu alikuwa anafuta macho. "Maneno tumeyasikia," akasema. "Hakuna matusi. Ni mambo ya mifugo. Dansi iwe ya mchana, na jua likianza kushuka mfunge. Na mwenye duka awepo, kwa sababu hiyo mali sasa ni yake."

Nyahururu sikuenda, isipokuwa kumsalimia shangazi.

Dansi ilijaa. Baba alikuja na suti ya kanisani, akasimama kando ya spika, ameshika waya wa maiki kwa mikono miwili ili watu wasijikwae. Nikisonga mbele ananiachia, nikirudi anaukunja. Katikati ya wimbo akaniita kwa sauti yake ya dukani, "Wambui, usiende kulia, kamba imekwisha!" na watu wakadhani ni sehemu ya wimbo, wakaitikia, "Kamba imekwisha!" Tangu siku hiyo, kila nilipoimba hapa karibu, Baba ndiye alishika waya. Alikuwa anaukunja vizuri kuliko Oduor. Oduor anakubali.

Lakini mpaka anafariki, alikataa kwamba alinunua. Tulimuuliza kwa Krismasi, tulimuuliza siku ya harusi yetu, tulimuuliza akiwa mgonjwa. "Ilikuwa nzi," anasema, na uso wake hauonyeshi kitu. Oduor anamwamini. Anasema Baba hakuwa mtu wa mzaha. Mimi nimekaa na jambo hili miaka mingi na sitaki kumsingizia marehemu. Kwa haki yake, mnada ulikuwa karibu, na penye ng'ombe nzi hawakosi. Na maziwa yalikuwepo pale mlangoni. Inawezekana.

Ndiyo maana leo, kwa sababu hali ya hewa imekuwa ile ile, ukungu ule ule, mwezi ule ule, nimefanya kitu ambacho Oduor amekiita wazimu. Jioni nilipopika niliacha chakula mezani bila kufunika, na kikombe cha maziwa kando, na dirisha wazi. Nikaketi nikaangalia. Oduor akaniuliza tunangoja nani. Nikamwambia namngoja shahidi wa Baba.

Tulikula ugali, omena, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga na nyanya, na mboga ya managu iliyolala kwa maziwa. Chakula kilikuwa kimepoa kabisa. Nzi hakuna hata mmoja aliyekuja.